Deni Lisiloandikwa Daftarini

Maneno yaliyosemwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka, Nakuru



Halmashauri imetuamuru tuseme maneno machache baada ya kusomwa kwa hesabu za mwaka. Hapo kwanza tulidhani tumepewa kazi isiyo yetu. Karani ni mtu wa kalamu na muhuri. Kazi yake ni kuandika yaliyosemwa na wengine, wala si kusimama na kusema. Lakini mzee mmoja wa halmashauri alituambia, "Wewe ndiwe unayeyaona majina yetu sote kila mwezi. Tuambie ulichokiona." Basi tumekuja kusema tulichokiona, na kwa kuwa si jambo la kujisifu, twaomba mtusikilize kwa subira.

Hesabu mmekwisha kuzisikia. Mapato yameandikwa upande mmoja, matumizi upande wa pili, na mkaguzi ametia sahihi yake chini. Hakuna senti iliyopotea, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Walakini liko deni moja ambalo halimo katika kurasa hizo, wala mkaguzi hawezi kulitafuta. Ni deni la fadhila tulizotendewa na watu. Kila mmoja aliyeketi hapa analo. Leo twataka kusema habari za deni hilo, na jinsi lipasavyo kulipwa.

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi vyama vya namna hii vilivyoanza. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, ikateremka katika Bonde la Ufa, ikapita hapa Nakuru, hata ikafika Kisumu mwaka 1901. Nyuma ya reli yalikuja mashamba makubwa ya walowezi, na nyuma ya mashamba wakaja watu wa kazi kutoka kila upande wa nchi. Serikali ya kikoloni iliwahesabu watu hao kuwa wapitaji tu mjini. Katika miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande chake ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Akifukuzwa kazi, mara nyingi alipoteza na mahali pa kulala. Akiugua mbali na kwao, nani atamwuguza? Akifa, nani atamzika?

Ndipo watu walipoketi pamoja wakachanga. Huko Nyanza, mwaka 1923, kilikuwako chama cha walipa kodi kilichoitwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, na baadaye katika miji vikatokea vyama vingi vya watu wa nyumbani. Kazi yake aghalabu ilikuwa ni hii: kumsafirisha maiti hata kwao, kumpa nauli aliyekwama, kumsaidia mtoto wa shule. Mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Chama chetu kimerithi kazi ile njema, lakini mlango wake u wazi kwa watu wa makabila yote.

Tazameni jambo moja katika habari hizo. Mtu wa kwanza kutia fedha yake katika sanduku la maziko aliinunua sanda ya mtu mwingine, hali hajui kama yeye mwenyewe atazikwa na nani. Wale waliochanga siku hizo wengi wamekwisha kufa. Hatuwezi kuwarudishia. Kwa hiyo tangu mwanzo fadhila ya chama haikuwa jambo la nipe nikupe kati ya watu wawili. Ilikuwa ni kitu kipokewacho kwa aliye mbele na kukabidhiwa aliye nyuma.

Sasa twaomba ruhusa tusimulie yaliyotupata sisi wenyewe.

Sisi tulifika Nakuru mwaka 2009, tumetoka shuleni karibuni, tukitafuta kazi. Wazee mwakumbuka hali ya mji huu siku zile. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi wa Januari 2008 moto uliwaka hata katika mitaa yetu. Jirani akamkimbia jirani, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kuwa kambi ya mahema. Kote nchini waliuawa watu 1,133, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Basi mwaka 2009 mgeni aliyeulizwa jina lake alijua kwamba linaulizwa kabila lake.

Basi letu lilichelewa, tukafika usiku. Ndugu tuliyemtazamia alikuwa amehama, na simu yake haikupatikana. Tulisimama karibu na kituo cha mabasi na sanduku letu la shule, tumevaa shati jepesi. Nanyi mwajua baridi ya Nakuru ishukayo kutoka Menengai usiku wa Julai. Mlinzi wa usiku wa maduka ya pale akatuangaza tochi usoni. Tulidhani atatufukuza. Akauliza jina letu, nasi tukalitaja kwa hofu, maana lilionyesha wazi kwamba hatukuwa watu wa kabila lake. Akanyamaza kidogo. Kisha akatandika katoni karibu na jiko lake, akatufunika koti lake kuukuu, akaendelea kulinda akiwa na fulana tu. Asubuhi akatununulia chai ya rangi na mandazi mawili, akatuonyesha njia, wala hakutuuliza tena neno lolote.

Shuleni kwa wamisionari tulifundishwa habari za wakoma kumi walioponywa, na jinsi alivyorudi mmoja tu kushukuru. Tangu utoto tulipoisikia habari ile tulijiweka upande wa yule mmoja. Hakuna mtoto ajihesabuye katika wale tisa.

Miaka ikapita. Tukapata kazi ya ukarani, tukaoa, tukaingia katika chama hiki, mkatuamini mkatupa daftari. Jumamosi moja ya mwaka uliopita, alasiri, tulikuwa mezani tukipokea michango. Mstari ulikuwa mrefu. Akafika mzee mmoja, kofia mkononi, akasema kwamba mjukuu wake ni mgonjwa, naye hana nauli ya kumpeleka hospitali wala fedha za dawa. Tukafungua daftari. Jina lake lilikuwa na miezi minne isiyolipwa. Kanuni yetu yasema kwamba aliyepitisha miezi mitatu hapewi msaada hata amalize deni. Tukamsomea kanuni. Akasema, "Ahsante, mwanangu," akavaa kofia yake, akaenda zake. Nasi tukaita, "Anayefuata!"

Ndugu zetu, mzee huyo alikuwa ndiye yule mlinzi.

Wala hatutasema uongo mbele yenu kwamba hatukumjua. Tulimjua alipokuwa angali wa tatu katika mstari. Tuliinamisha uso daftarini kwa makusudi, kwa kuwa tuliogopa watu wasije wakasema karani anapendelea. Tulijifunika kanuni kama mtu ajifunikavyo blanketi.

Usiku ule hatukupata usingizi. Siku ya pili, Jumapili, tukauliza njia tukaenda nyumbani kwake. Tulimkuta mtoto amekwisha kutibiwa, amelala. Fedha zilitoka kwa mama mmoja wa chumba cha jirani, auzaye mboga, ambaye si mwanachama wa chama chochote, wala si wa kabila la mzee, wala si wa dini yake. Alifungua pindo la leso yake akatoa mauzo ya siku mbili. Tukaanza kumweleza mzee habari za kanuni na kuomba radhi. Akatukatiza akasema:

"Mwanangu, kitabu kilisema kweli. Deni ninalo, na kama ningeketi pale ulipoketi wewe, mimi nami ningefuata kitabu. Lakini hukuinua macho. Usiku ule wa kituo cha mabasi mimi nilikutazama usoni kwanza, ndipo nikajua kwamba una baridi."

Hayo ndiyo maneno tuliyotaka kuwaletea leo. Mengine yote tutakayosema ni maelezo yake tu.

Msidhani tumekuja kuilaumu kanuni. Fedha za chama ni amana ya watu wengi, na karani azigawaye kwa huruma ya moyo wake ni mwizi mwenye uso mzuri. Leo angempa mzee kwa sababu alimtendea mema, kesho angempa shemeji kwa sababu ni shemeji. Kanuni na ikae. Bali tujiulize: kanuni ilitukataza nini siku ile? Ilitukataza kufungua sanduku la chama, basi. Haikutukataza kusimama na kumwamkia mzee. Haikutukataza kumpa kiti. Haikutukataza kutia mkono katika mfuko wetu wenyewe, wala kuwauliza waliokuwa katika mstari kama yupo awezaye kusaidia. Mambo yote tuliyoyaacha yalikuwa halali. Tuliyaacha kwa sababu tulikuwa tumesahau kwamba nasi tuliwahi kufunikwa koti la mtu.

Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Twaona kwamba huko kusahau ndiko mzizi wa ukali mwingi miongoni mwetu. Mtu hawi mkali kwa sababu ana moyo mbaya. Aghalabu amesahau tu siku aliyokuwa yeye katika mstari. Aliyepanga chumba kimoja Bondeni, akajenga, humfungia mpangaji wake maji. Aliyesomeshwa kwa michango humwita mtumishi wa nyumbani kwa kupiga mluzi. Na anayefagia soko kabla ya jua kutoka, ni nani kati yetu ajuaye jina lake? Shukrani ni ukumbusho. Akumbukaye alikotoka hulainika bila kuhubiriwa.

Tena wema si wa siku za msiba mkubwa tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai, maji yakachukua nyumba na watu zaidi ya 40. Watu wa Nakuru walipeleka unga, nguo na blanketi, na jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini msiba mkubwa hutuamsha wenyewe kwa kelele zake. Mzee mwenye kofia mkononi hapigi kelele. Wema wa kila siku ni mgumu zaidi kwa kuwa hakuna tangazo la redio la kutukumbusha.

Wala tusiseme kwamba wema ni wa wenye fedha. Hapa hapa katika kaunti yetu, katika kijiji cha Pwani, Njoro, alikuwako mwalimu ambaye habari zake zilienea ulimwenguni: Mtawa Peter Tabichi wa shirika la Wafransisko, aliyefundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko. Darasani mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58, na karibu theluthi moja ya wanafunzi wa shule walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Nchi ile ni kavu, nayo ilikuwa imeguswa na uhasama wa mwaka 2007 na 2008. Naye alitoa sehemu 80 katika kila 100 ya mapato yake kwa ajili ya watoto na watu maskini wa hapo, akaanzisha chama cha amani ili watoto wa makabila mbalimbali wakae pamoja. Mwezi wa Machi 2019, huko Dubai, alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja za Kimarekani, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Twamtaja si kwa ajili ya zile dola. Twamtaja kwa sababu ya miaka iliyotangulia dola, wakati alipokuwa akitoa na hakuna aliyekuwa akitazama. Hatumwambii mtu yeyote hapa atoe sehemu 80. Wengi wetu tuna kodi ya nyumba na karo. Lakini kama yule aliweza kutoa nyingi hivyo, hatuna udhuru wa kushindwa kuinua macho, jambo lisilogharimu hata senti.

Tena kushukuru kwamfaa hata mwenye kushukuru. Wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza mwaka 2003 uchunguzi walioufanya. Waliwataka wanafunzi waandike mara moja kila wiki, kwa wiki 10, mambo wanayoyashukuru, hata matano. Wengine wakatakiwa waandike yaliyowaudhi. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi, wakaitazamia wiki ijayo kwa moyo mkunjufu kuliko wale wa maudhi. Hao walikuwa wanafunzi na kalamu tu. Hali yao ya maisha haikubadilishwa. Sisi makarani tulifurahi kusikia kwamba kuandika kwafaa kitu.

Hata hivyo yatupasa tutahadhari na jambo moja. Wako watendao mema, kisha wakasimanga. Humlisha mtu leo, na mwaka mzima akawa akikumbushwa ule ugali. Wema wenye masimango ni mkopo wa riba, na aliyeupokea hutamani afadhali angelala na njaa. Yule mlinzi alitujua katika chama kwa miaka mingi. Alikuwa akilipa mchango wake mezani petu, akisema "Ahsante, mwanangu," wala hakuthubutu siku moja kutaja lile koti. Alilitaja siku tulipokwenda kwake kuungama, na hata hapo alilitaja ili kutufundisha. Hivyo basi, anayetoa na asahau, na anayepokea na akumbuke. Mambo yakigeuzwa, anayetoa akakumbuka na anayepokea akasahau, ndipo ugomvi huingia nyumbani, na chamani pia.

Bwana Mwenyekiti, maneno matupu hayajazi kibaba. Kwa hiyo tumepeleka kwa halmashauri mashauri manne, nayo imeyakubali yaletwe mbele ya mkutano huu, mpige kura.

La kwanza: mwanachama akikosa kulipa miezi miwili, asingojwe afikishe mitatu. Mzee mmoja na mama mmoja waende kwake wamwulize hali. Huenda amefukuzwa kazi au ana mgonjwa. Miezi minne ya yule mzee ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wetu wenyewe, nasi hatukuuliza hata mara moja kwa nini mtu aliyelipa miaka yote amenyamaza.

La pili: kila mkutano liwekwe bakuli mlangoni, mbali na sanduku la chama, kila mtu atie apendacho au asitie. Fedha za bakuli ziwe za wale ambao kanuni haiwezi kuwasaidia. Zihesabiwe na watu watatu, ziandikwe, na zikaguliwe kama fedha nyingine zote.

La tatu: mezani pa karani pawe na kiti cha pili, kwa ajili ya mwenye shida. Mtu aketi, aamkiwe, atazamwe usoni, ndipo daftari lifunguliwe. Hata akinyimwa, anyimwe akiwa ameketi.

La nne: tuwe na daftari la pili, dogo, ambalo mwanachama yeyote aweza kuandikisha fadhila aliyotendewa na mtu, awe mwanachama au asiwe. Jina la mtenda likifichwa na lifichwe. Daftari hilo lisomwe katika mkutano huu kila mwaka, baada ya hesabu. Kama mtakubali, ukurasa wa kwanza tutauandika sisi. Tutaandika habari za mama auzaye mboga, aliyefungua pindo la leso; na juu yake tutaandika habari za koti moja kuukuu, usiku wa Julai, mwaka 2009.

Yule mzee yu pamoja nasi leo katika mkutano huu. Ametuomba tusimtaje wala tusimwonyeshe, nasi tumemtii. Amekwisha kulipa miezi yake yote minne. Alipotuletea fedha hizo tulisimama, tukampa kiti chetu, tukamtazama. Akacheka akasema, "Sasa niandikie risiti." Tukamwandikia. Lakini sisi na yeye twajua kwamba katika daftari lile lisiloandikwa, mwenye kudaiwa ni sisi, na kwamba deni lile hatutalimaliza kwake. Tutalilipa kwa kijana atakayeshuka basini usiku huu, hana mwenyeji.

 Mungu akibariki chama chetu, na mji wetu wa Nakuru, na watu wote wakaao ndani yake.